Kiingereza cha Chini ya Kitovu

Pale Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, tulikuwa na kibanda cha mabati manene tulichokikimbilia kila king'ora kilipolia, kwa sababu baada ya king'ora inakuja baruti, na baruti haimwulizi mtu jina lake. Nilikuwa kijana bado, sijaoa, kichwa changu cheupe kwa vumbi kama cha babu yangu. Mle ndani tulibanana goti kwa goti tukingoja mlima upasuke, na nikisema ukweli mle ndimo nilimosomea, maana shule yenyewe niliiacha kabla haijanizoea. Wazee waliongea kana kwamba sisi vijana hatupo. Waliongea juu ya samaki wa Lufira, juu ya namna ya kuosha vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, mpaka mchanga utoke wote, juu ya mke wa nani amerudi kwao. Siku moja mmoja wao, mtu mrefu kama nguzo ya umeme, akasimulia jinsi alivyokutana na mama mkwe wake kwenye kijia chembamba cha shamba. Huku matuta ya mihogo, huku mtaro umejaa maji ya mvua. Hakufikiri mara mbili. Aliruka mtaroni pamoja na baiskeli yake, na gunia la makaa likamfuata. Mama mkwe naye alishajifunika kitenge uso mzima, amegeukia mihogo. Yule mrefu akamsalimu akiwa majini mpaka kiunoni, na mama akaitikia kupitia majani, akauliza habari za watoto, akaambiwa wazima, akapita zake. Tulicheka hata mlipuko hatukuusikia. Mimi nilicheka kuliko wote. Mtu hucheka vizuri jambo ambalo halijafika kwake.

Kwetu jambo hilo tunaliita buko. Ni ukwe, lakini neno ukwe halina uzito wa kutosha. Mama wa mke wako humwangalii usoni, huli naye chungu kimoja, hupiti mlango ambao yeye amesimama, na mwili wake haupo kwako: haumwi, hauogi, haulali. Ukitaka kumwambia neno unaliambia kitu kingine, mlango au kuku anayepita, naye analisikia hapo. Wazungu waliona ni ujinga, mapadri waliona ni ushamba, na siku hizi wajukuu zangu wanaona ni kichekesho. Mwezi uliopita tumemzika Mama Godelive, mama wa mke wangu, mzee kabisa, meno yamekwisha na akili imebaki yote. Kwenye kilio niliketi nyuma ya nyumba, mgongo kwenye dirisha la chumba alimolazwa, kama inavyotakiwa. Mjukuu mmoja aliyetoka Lubumbashi, anayesoma chuo, akaja kuchuchumaa mbele yangu akaniambia kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mtoto, kwamba mambo hayo ya buko yamepitwa na wakati, bibi amekwisha kufa, niingie tu nimwangalie, hatanifanya kitu. Sikumjibu, kwenye kilio watu hawabishani. Lakini nilikaa palepale mpaka jeneza linatoka, na sasa ninajibu. Bila buko, mama yule angezikwa miaka ya tisini, na huyo mjukuu angemjua kwa picha.

Ule mwaka ninaousema, Likasi ilikuwa kama nyumba ambayo wenye nyumba wamehama wakasahau watu ndani. Kampuni ya migodi haikulipa. Mabomba ya moshi yaliyotuamsha na kikohozi tangu utoto yalinyamaza, na nitasema jambo la ajabu, hewa safi ile ilitutisha. Watu walilima vitunguu kwenye viwanja vya mpira. Hospitali ambako zamani mgonjwa alipewa hata kandambili, sasa ulikwenda na shuka lako, maji yako, taa yako na glavu za kumvalisha anayekugusa. Wauguzi wengi walikuwa wameondoka na zile treni za majirani zetu waliofukuzwa kwenda Kasai, watu tuliosali nao benchi moja, na hilo nalisema wazi ingawa wengine hapa mjini hawapendi likisemwa. Tulifukuza watu, kisha tukashangaa hakuna wa kutuchoma sindano. Mimi niliishi kwa baiskeli. Nilikwenda Kasumbalesa, mpakani, nikarudi na unga wa mahindi wa Zambia, nikijibanza juu ya malori na kusukuma pale malori yalipokufa. Kwa hiyo njia niliijua, na maneno ya sokoni ya kule niliyajua, Kibemba cha kuombea maji na Kiingereza cha kubishania gunia.

Ugonjwa wa Mama Godelive niliujua kwa ukuta. Tulikaa uwanja mmoja, yeye kwenye kijumba cha nyuma, sisi mbele, na jiko katikati. Mke wangu Mariette, ambaye wakati huo alikuwa na mimba kubwa, alikwenda kwa mama yake kila alasiri na kurudi macho mekundu. Nilipouliza, aliniambia mama ana maumivu ya wanawake, na kwa sheria yetu hapo ndipo maswali yangu yalipokoma. Lakini ukuta wa matofali mabichi hauna sheria. Nilisikia neno damu. Nilisikia Mariette akisema, mama, haikauki hata kidogo, na mama akimjibu kwamba damu ni yake, anaijua, asimlilie kama vile ameshakufa. Mama Godelive alizaliwa huko juu karibu na Mwadingusha, kwa wavuvi, na watu wanaokua wakiitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi hawajui kunong'ona. Alikuwa akidhani ananong'ona.

Daktari aliyebaki mjini, mtu mwema na mchovu, alimwambia hapa hana vifaa hata vya kupasua jipu. Avuke kwenda upande wa Zambia, kwenye miji ya shaba ya kule, kuna hospitali kubwa inapokea. Watu wengi walikuwa wakivuka. Tatizo halikuwa mpaka, tatizo lilikuwa mdomo. Madaktari wa kule mwaka ule wengi walitoka nchi za mbali, hawajui Kiswahili, Kifaransa wala Kibemba, na wauguzi walikuwa wachache, wanapita mbio. Basi pale getini walisimama vijana wanaouza lugha. Wanakusindikiza ndani, wanakusemea. Ila wao walisema lolote litakalomaliza foleni upesi, waje kumchukua mwingine. Jirani yetu Papa Kitenge, fundi wa zamani wa mashine, alikwenda na ngiri kubwa kama ngumi, akarudi na dawa ya macho. Alituonyesha kichupa. Akasema, "Basi, sasa minaona muzuri ile ngiri yangu."

Ndiyo sababu Ba Agnes alianzisha darasa. Ba Agnes, Ba ya heshima ya Kibemba, alikuwa mwuguzi, mzaliwa wa upande ule wa pili, aliolewa na mtu wa reli wa hapa Likasi, na tangu hospitali ya kwetu iache kumlipa alikuwa akiuza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, mbele ya nyumba yake, na munkoyo wake ulikuwa mtamu, hiyo lazima niseme. Alikuwa mfupi, mnene, na macho yanayokuona hata kama umekaa nyuma ya mtu. Padri alimpa ukumbi wa parokia siku ambazo kwaya haiimbi. Ukumbi ule ulinuka mishumaa na panya. Bati moja lilikuwa limeondoka, na mvua ikinyesha tulisogeza mabenchi tukaacha ziwa katikati. Hakutufundisha Kiingereza cha vitabuni. Alisema wazi hana muda wa kutufanya Waingereza. Yeye anataka tufike mbele ya daktari, tuseme kinachouma, kinauma wapi, tangu lini, tumekunywa dawa gani, na tuulize tutakachofanywa. Akakaa kwenye kiti akawa daktari, nasi tukaingia mmoja mmoja kupitia mlango wa sakristia tukawa wagonjwa.

Siku ya kwanza wote tulianguka, na tulianguka mahali pamoja. Alituuliza kwa Kiingereza habari zetu, na kila mmoja, hata mwenye ngiri, hata yule mama aliyekuja akishikilia tumbo kwa mikono miwili, akajibu ai em fain, tena akitabasamu. Ba Agnes akapiga meza kwa kiganja. Akasema huko wakisikia neno hilo wanaandika kwamba huumwi, wanaita anayefuata. Tukaanza kubishana naye. Maana kwetu, hata kama kuna maiti ndani, mtu akikusalimia unamwambia ni salama, unamwuliza za kwake, halafu ndipo unasema, lakini, na baada ya hiyo lakini ndipo maiti inatoka. Papa Kitenge alisimama akashika kofia mkononi, akauliza kwa heshima kabisa kama anatakiwa kukutana na mtu mzima kwa mara ya kwanza na kumtupia ngiri usoni hata kabla hajajua kama watoto wake wameamka vizuri.

"Njo vile," Ba Agnes akamwambia. "Mutupie. Watoto yake beko bazima."

Tulijifunza hiyo kwa shida kuliko maneno yote. Naona hata leo nikiingia kwa daktari, mdomo wangu wa kwanza unasema nzuri, ni mdomo wa pili ndio unaokohoa.

Sasa nieleze jinsi mimi na Mama Godelive tulivyokuwa darasa moja, maana hilo lilizungumzwa mjini kote. Wa kumsindikiza hakuwako mwingine. Mariette alikuwa mzito, shemeji zangu wametawanyika Kolwezi na kwingineko, na njia nilikuwa naijua mimi. Lakini nitamsemeaje? Nisimame mbele ya mwanaume mgeni nitaje tumbo la uzazi la mama wa mke wangu? Afadhali mtaro. Basi yeye mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alimwambia Mariette, mbele ya jiko, kwa sauti yake ya kunong'ona iliyofika hadi barabarani, kwamba atasoma. Muko, yaani mimi mkwe, atajua njia, yeye atajua maneno. Mimi nikaandikishwa pia, ili niweze kuuliza mlango ni upi na foleni ni ipi. Yeye aliketi benchi la mbele kabisa, kitenge begani, miguu imenyooshwa. Mimi benchi la nyuma, nimekaa upande, uso kwenye mlango. Tuliingia kwa milango tofauti.

Ba Agnes alichora mtu ubaoni kwa chaki na kumshukia kutoka juu, kichwa, macho, masikio, meno, koo, kifua. Mpaka hapo mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri, nasema bila kujisifu. Lakini chaki ikifika kitovuni Ba Agnes alisimama, bila kugeuka akasema, "Muko, toka inje," kwa sababu na wao Wabemba wana buko yao, hakuhitaji kuelezwa. Nilitoka. Nilisimama penye bomba la maji ambalo halikuwa na maji, nikaangalia kuku wa padri. Ndani nilisikia kwaya ya sauti zikirudia maneno, nikaanza kupiga mluzi nisiyasikie. Walipomaliza huko chini na kurudi kwenye mafua na meno, Papa Kitenge alitoa kichwa dirishani akaniita, "Muko, rudia, tumeshapanda." Ikawa desturi. Wapita njia waliuliza huyu anafukuzwa kila mara kwa kosa gani. Basi mpaka leo mimi nina Kiingereza cha juu ya kitovu peke yake. Naweza kumweleza Mwingereza jino langu lote mpaka mzizi. Goti silijui.

Mama Godelive alijifunza sehemu zote mbili. Alasiri alipotwanga sombe, majani ya mihogo, alikuwa akikiambia kinu. Kila pigo neno. Inauma wapi, pu. Tangu lini, pu. Nyingi au kidogo, pu. Halafu akaacha kutwanga, akajibu mwenyewe kwa kile Kiingereza chenye uvuvi ndani, kirefu na cha sauti ya juu, na mimi nilikuwa nikiinuka haraka kwenda kuangalia kama baiskeli ina upepo. Jioni Mariette aliniletea bukari, huo ugali wetu, na hiyo sombe iliyofunikwa sahani, nakula peke yangu, nimegeukia ukuta, na nilikuwa nikijiambia kwamba ninakula somo. Alikuwa amekonda. Mikono iliyokuwa ikiinua mchi iliinuka taratibu zaidi kila juma, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumpokea ule mchi. Mariette alijaribu mara moja. Aliambiwa kama anataka kutwanga akatafute kinu chake.

Papa Banza alikuja Jumapili moja baada ya misa. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mama Godelive, ndiye mkubwa wa ukoo, na nyumba tuliyokaa ilikuwa katika mkono wake. Alivaa koti hata kwenye joto. Mariette alipika thomson, wale samaki wa barafu, na mchicha wenye karanga, na Papa Banza akala kwa utaratibu, akanawa, akasafisha meno kwa kijiti, kisha akaanza. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha nikitengeneza tairi, mahali pangu panaponifaa. Alisema amesikia kwamba mwanamke wa ndugu yake anakaa kwenye ukumbi pamoja na wanaume akitaja viungo. Alisema ni aibu, lakini yeye si mtu wa ugomvi, amekuja na dawa. Maana buko ina mlango wake: ukoo ukikubali, anachinjwa mbuzi, mama na muko wanakula nyama ile pamoja, na kuanzia hapo wanaweza kuongea kama watu wengine.

"Shemeji, tutaua mbuzi," alisema. "Buko itafunguka, muko atakusemea kule. Weye utakaa kimya, utapumuzika. Kazi inaisha."

Nikaacha tairi nisikie atakavyojibu. Nilifikiri atalia. Halikuwa hilo.

"Papa Banza," Mama Godelive akasema. "Kama buko inafunguka, muko atasema. Na kama muko anasema, ni weye njo utakuwa unasema, juu muko anakaa mu nyumba yako. Buko ikae vile iko. Mbuzi yako, umurudishe ku majani."

Mtu mwingine angecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amesema jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona. Tunafikiri desturi ni kamba ya kufungia wanawake. Yeye alikuwa ameishika kamba ile upande wa pili. Kama mimi siruhusiwi kumtaja, basi hakuna kinywa cha kumtaja ila chake. Wasomi wanaokuja kutuambia tuache hiki na kile, mimi nawauliza kwanza, mmeona kamba imeshikwa na nani?

Papa Banza hakubishana. Alitoka, akanikuta na tairi langu, akanichukua mkono tukatembea hadi kwenye ua kama marafiki. Akaniambia kwa upole. Alisema yeye anajua wanavyofanya kule, wanamkata mwanamke na kumtoa tumbo la uzazi, wanalitupa. Alisema daktari, awe ametoka nchi gani, mwisho wa yote atamtafuta mwanaume, atamwuliza mwanaume.

"Weye njo mwanaume kule," akasema. "Bakisema bamukate, sema hapana. Mwanamuke wa ndugu yangu hatarudia hapa tupu. Ukisema ndiyo, utafute nyumba ingine."

Nilimjibu ndiyo, Papa. Nilijibu hivyo kwa sababu ni heshima, na kwa sababu nilimwogopa, na kwa sababu Mariette alikuwa karibu kujifungua na mvua ilikuwa imeanza. Watu wakinisimulia ushujaa wao wa miaka ile huwa nawauliza walikuwa wanalala wapi. Nitasema mapema, ili msikilizaji asihangaike: nyumba alitutoa kweli. Tulihamia chumba kimoja karibu na soko, watoto wakalala chini ya meza, na tukaishi. Lakini siku ile penye ua sikujua kama tutaishi.

Tuliondoka Likasi na lori la vitunguu. Yeye aliketi mbele, pembeni ya dereva, nami juu ya magunia, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Huko njiani dereva, kijana mwenye maneno, alichungulia nje akanipigia kelele kama yule mwanamke mkali wa mbele ni mke wangu. Karibu niruke. Mama Godelive alimjibu yeye mwenyewe, sikusikia alichosema, ila dereva hakuuliza tena kitu hadi Lubumbashi. Mpakani tulikanyaga matope. Kila tulipohitaji kuambizana neno aliliambia begi lake: begi, mwambie muko hapa si foleni yetu. Nami nikaliambia baiskeli ya mtu mwingine: baiskeli, mwambie mama tungoje hapo kwenye kivuli. Watu wa kule walituangalia. Tuliwaacha watuangalie. Tulikuwa tumetoka mji ambao kila kitu kimeanguka, lakini sisi hatujaanguka.

Hospitali ilikuwa ndefu, ya rangi ya krimu, na korido zake zilinuka dawa ya sakafu, harufu niliyokuwa nimeisahau. Getini vijana wa kuuza lugha walitukimbilia. Mmoja alishamshika mkono. Mama Godelive alimwambia kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti ya ziwani, kwamba ana mdomo. Kijana akauachia mkono kama kitu cha moto. Nikauliza mlango, nikauliza foleni, kazi yangu nikaimaliza vizuri. Zamu yake ilipofika aliingia peke yake. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido, na kupitia mlango nilisikia sauti ya daktari ikimwuliza habari zake, nikafunga macho. Nikangoja. Nikajua anapigana. Halafu nikamsikia akimtupia. Hakusema fain. Alianza na damu moja kwa moja, nami nikaondoka haraka nikaenda kusimama mwisho wa korido, ninapiga mluzi, na mwuguzi mmoja akanikemea kwamba hapa ni hospitali.

Walimlaza, wakampima, wakampiga picha ya ndani. Mimi nilikaa kwa rafiki yangu wa biashara ya unga karibu na soko lao, na mke wake alimpelekea uji na kapenta, dagaa wa kule, kwa kuwa si vizuri sahani yangu ifike kitandani kwake. Nilianza kuamini kwamba itapita. Labda hawatauliza. Labda watampa vidonge, nami nitarudi kwa Papa Banza mikono safi. Nilikuwa nikiwaza hayo kwenye ukuta wa nje wa hospitali, nakula karanga, alipokuja mwuguzi, kijana wa kiume, akauliza nani amekuja na yule mama wa Kongo. Nikanyoosha kidole kama darasani. Akasema daktari ananiita.

Niliingia kwa ubavu, uso kwenye ukuta. Ukuta ulikuwa na kalenda ya kampuni ya matairi. Kwa pembe ya jicho niliona kitenge chake kwenye kiti, ameshajifunika kichwa. Daktari alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, mwenye miwani, na kosa lake lilikuwa moja tu, alikuwa akiongea nami. Alikuwa na mtu mzima amekaa mbele yake, mwenye ugonjwa na mwenye maneno, akampita kama mtu anayepita mti, akaja kwangu. Aliongea polepole ili nielewe. Na nilielewa, siyo yote, maana alikuwa chini ya kitovu, huko sikusoma; lakini alionyesha kwa mikono, akakata hewa kwa kiganja, akaonyesha kitu kinatoka. Akasema bila hivyo, halafu akanyoosha mkono kwenye dirisha, kule nje, kama anayeonyesha makaburi, na hilo halihitaji kamusi. Kisha akauliza familia inasema nini. Akaniuliza mimi. Yule mwuguzi kijana naye akanigeukia.

Neno lilikuwa moja na nililijua tangu Kasumbalesa, la kubishania gunia. Hapana. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi kama Papa Banza alivyoliweka. Nilimwona Mariette na mimba yake, nikaona vyombo vyetu nje kwenye mvua. Na lile neno jingine, ndiyo, nalo nililijua, na nitawaambia ukweli, lilikuwa baya vilevile. Kwa maana kama ningesema ndiyo, bado ningekuwa mimi ndiye niliyesema.

Kitenge kikatikisika.

"Ukuta," Mama Godelive akasema, kwa Kiswahili chetu cha Likasi, kwa sauti ambayo alidhani ni ya kunong'ona. "Ukuta, umuambie muko: mulango iko nyuma yake. Mambo yangu, minye niko hapa."

Daktari akauliza amesema nini. Mwuguzi hakuelewa, akaniangalia mimi nitafsiri. Nikatafuta katika Kiingereza changu chote, macho, masikio, meno, koo, nikapata cha kutosha. Nikamwambia daktari, masikio ni yako, mdomo ni wake, mwulize yeye. Alinyanyua uso kama mtu aliyeamshwa. Nikamwona anageuza kiti chake, pole pole, kiti kikapiga kelele sakafuni, akamwelekea.

Yeye akaanza kusema. Neno la kwanza nililisikia, lilikuwa swali, alimwuliza atafanywa nini hasa. La pili sikulisikia. Nilikuwa nimeshafika kwenye korido. Niliwapita waliokaa kwenye benchi, nikawapita vijana wa getini, nikashika barabara kuelekea sokoni, na katika chumba kile sikurudi tena.